Anton Ngollo Akataa Kufa

Siku alipoambiwa afe, Anton Ngollo wa Ipole alikuwa na miaka hamsini na minane, mizinga mia na ishirini ya nyuki porini, na haumwi hata ukucha.

Aliyemwambia ni Sabiri, mwenye steshenari karibu na stendi ya Tabora mjini. Anton na mkewe Jenifa walikuwa wamempeleka binti yao, Recheli, kujaza fomu ya mkopo wa chuo. Recheli alipata daraja la kwanza kidato cha sita, akachaguliwa kusomea ufamasia Mwanza. Katika ukoo mzima wa Ngollo, wa kwanza kufika chuo kikuu alikuwa yeye. Na ada ya mwaka mmoja, jamani! Anton alipotajiwa aliomba arudiwe, akidhani ni ya miaka yote minne.

"Shikamoo mzee," Sabiri alisema, akavuta kiti. "Sasa nisikilize. Wenye baba wako wengi mno. Yatima ndio wanaofikiriwa kwanza. Cheti cha kifo nakupatia kesho, na mhuri wake. Wewe unakufa kwenye karatasi tu, nyumbani unaendelea na ugali wako."

"Nimekufa na nini?" Anton aliuliza.

"Chochote. Tuandike presha."

"Presha!" Duka zima liligeuka. "Mimi ninayepanda mti na mzinga mgongoni, nife na presha? Una wazimu wewe?"

Alimgeukia Jenifa amuunge mkono. Jenifa alikuwa anaangalia sakafu. Tangu jina la Recheli litoke, mama huyu alikuwa hali akashiba, anaunguza maharage, anamwita mbuzi kwa jina la mwanawe. Akasema polepole, "Baba Recheli, kwani si karatasi tu?"

Hapo Anton aliumia. Aliumia kweli, maana mwanamke aliyelala naye miaka thelathini, leo anamuuza kwa mhuri. Lakini alikumbuka maharage yaliyoungua, akajua ni hofu inayosema, si yeye.

"Recheli, shika kalamu," alisema. "Andika, baba yupo. Kazi, mfugaji nyuki. Siwezi kuzikwa na mwanangu mwenyewe kila akijaza fomu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Andika yupo, uikandamize kalamu."

Recheli alikandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Njia nzima ya kurudi Ipole Anton alikuwa akinguruma. Babu wa babu yake aliipita njia hiyohiyo na pembe ya ndovu begani, mpagazi, akaenda pwani akakawia miaka miwili. Aliporudi alikuta wameshamlilia, wanakula matanga yake. Mzee yule, kwa jinsi inavyosimuliwa nyumbani kwao, alitua mzigo, akanawa mikono, akakaa akala na wao. "Ngollo hawazikwi kwa maneno," Anton alisema.

Mkopo ulitoka, ila nusu. Nusu nyingine ilitakiwa ilipwe ndani ya siku nane, la sivyo Recheli hasajiliwi na nafasi inakwenda. Asali ya msimu ilikwishauzwa ikaishia kwenye ada za sekondari. Anton akapita nyumba kwa nyumba, kwa ndugu, kwa majirani, kwa waumini wenzake wa Moravian. Kila mlango hali ngumu, hali ngumu. Watu walewale mwezi uliopita walichanga mchele, ng'ombe na jeneza la kung'aa kwa mzee ambaye alipokuwa anaumwa hakuna aliyemnunulia hata panadoli. Anton aliwaza hayo mpaka kichwa kikamuuma. Jenifa naye hakumlaumu kwa neno, ila alikuwa akipuliza moto kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Habari za cheti cha Sabiri zilikwishaenea, na kijijini sasa Anton aliitwa Marehemu. Zilimfikia hata Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe kando ya kijiji. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani, na mtani haachi nafasi kama hiyo impite. Jumamosi mchana akaja amejitanda kanga ya mkewe, akajitupa uani kwa Anton, akapiga yowe.

"Uwiii! Mtani wangu! Umekwenda na presha! Nani atanilambisha asali mie?"

Watu wakatoka mbio wakidhani kweli. Wengine walikuja na machozi tayari. Walipomwona Anton amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, walicheka mpaka wakashikana mabega.

Anton hakucheka. Alitoa mswaki, akatema.

"Mama Recheli, tandika mikeka. Msiba umeingia." Kisha akawatazama. "Mmekuja kunilia, asanteni. Sasa nataka rambirambi zangu."

Kicheko kikakatika.

"Nikifa mtatoa. Mtatoa sana, nawajua. Basi nipeni leo nikiwa naona. Siku nikifa kweli mje mikono mitupu, msilete hata sukari. Mnifunge kwenye gome la mzinga, mnifukie, mwende shamba."

"Mtani, mimi nilikuja kutania," Masanja alisema.

"Na mtani ndiye wa kwanza msibani. Ungeleta nini?"

Masanja alikuna kichwa. "Dume la ng'ombe."

"Lilete."

Masanja alimtazama, akapasuka kicheko, akavua kanga. "Haya! Mnyamwezi umeniweza! Kalichukue!"

Apolinaria, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha kufa na kuzikana, alianza kurudi nyuma taratibu. Jenifa akamwona. Yeye aliyekuwa kimya siku zote hizo akasimama katikati ya uwanja, akajifunga kanga kiunoni.

"Apolinaria, usiondoke. Mjane ni mimi. Nadai fungu langu la kufiwa na mume."

"Lakini kanuni inasema mpaka afe."

"Kanuni tumetunga wenyewe, tumekaa hapahapa kwangu. Miaka tisa nimechangia maiti za watu. Huyu wangu amekataa kufa, nanyi mnaniadhibu? Nipeni! Akifa, sitawadai senti."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema kweli, mwingine akasema kweli kabisa, Apolinaria akafungua pochi. Baada ya hapo aibu ikafanya kazi yake, maana hakuna aliyetaka kuonekana anaondoka msibani bila kutoa. Jenifa alipita karibu na mumewe akamwambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe la mjini." Anton akasema, "Marehemu hana kinyongo," na huyo mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu majina yatoke.

Dume liliuzwa, nusu ile ikatimia, na Recheli akafika Mwanza siku ya saba. Akapiga simu akiwa dirishani kwa msajili.

"Baba, wananiuliza habari za wazazi. Kama baba yupo."

"Umewajibuje?"

"Nimewaambia yupo," Recheli alisema. "Yupo sana."