Nyumba Yangu ya Dizeli Ilipotiwa Injini ya Petroli

Fundi yule sikumpenda tangu siku ya kwanza, naye hakunificha kwamba hanipendi. Gereji yake ilikuwa Chang'ombe ya Dodoma, nyuma ya genge la mkaa. Nilimwendea kwa sababu ni yeye peke yake aliyekubali kutoa injini ya dizeli kwenye gari langu na kuweka ya petroli. Wengine waliniambia niliuze kwa kilo, kama chuma chakavu.

Sikuweza. Lile basi dogo ndiyo nyumba yangu. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, ndoo mbili na vitabu nilivyookota huku na huko. Dizeli yake ilipopasuka nilirudi kwa kaka yangu, nikawa nalala sebuleni na kumsikia shemeji akiuliza wageni wengine huwa wanaondoka lini. Kisha nikapata injini ya petroli ya gari la aina ile ile, lililogongwa nyuma.

Fundi alikuwa mzee. Babu zake walifika Dodoma na misafara ya biashara, na alilitaja hilo kana kwamba yeye ndiye aliyetembea. Alikuwa na sheria moja: asiyemwamkia hapewi jibu. Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo kazi yangu ni kuuliza. Nilimuuliza kwa nini dizeli haina plagi, waya huu unakwenda wapi, bomba lile la mpira linavuta nini.

"Profesa," aliniambia, "ukinyamaza, bolti zinafunguka zenyewe."

Mafundi wenzake wakacheka. Wiki ya tatu nikaacha kumpa shikamoo. Nilikuja, nikakaa juu ya tairi, nikamtazama. Naye akawa bubu.

Siku injini ilipowaka sikungoja. Nilishamlipa, nikapanda, nikasema naondoka. Alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Alitazama mbele ya gari, akanitazama mimi, mdomo ukafunguka kidogo.

"Nenda, Profesa," akasema.

Hadi Kondoa barabara ilikuwa nzuri. Breki niliziona ngumu, nikadhani mguu umesahau baada ya miezi ya kutoendesha. Kupita Kolo barabara ikaanza kushuka kwa kona, na mbele yangu kulikuwa na lori la alizeti. Nikakanyaga. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili hadi nikainuka kwenye kiti. Gari lilipunguza mwendo kama mtu anayebembelezwa. Nikatia gia ya pili, nikalisugua ubavu kwenye ngema ya udongo, ule ukuta wa kando ya barabara, mpaka likasimama. Mlango wa pembeni ukakunjika. Ndoo zikabingirika barabarani.

Nilipofungua boneti niliufuata ule mpira unaosaidia breki. Mwisho wake ulikuwa umezibwa kwa bolti. Nilikaa pale mpaka nikaelewa: dizeli ilikuwa na pampu yake ya kuvuta hewa ili mguu usipate taabu, na pampu ile ilitolewa pamoja nayo. Injini ya petroli huvuta hewa yenyewe. Mpira ulihitaji kuunganishwa nayo tu. Fundi pikipiki wa Kolo alinipa kipande cha mpira na klipu mbili. Nikaunganisha, breki zikashika. Nikageuza gari kurudi Dodoma.

Sikumwamkia. Nilimuuliza kama alijua.

"Nilijua. Nilikuwa nasubiri mpira wa saizi yake."

"Ukaniacha niende?"

"Hukuniamkia. Hukuuliza."

Nikamwambia kwamba chini ya mteremko ule watoto walikuwa wanatoka shule. Tambara likasimama mkononi mwake. Miongoni mwa maswali yangu yote, lile moja, la kumuuliza mdomo wake ulitaka kusema nini siku ile, nililimeza kwa kiburi changu mwenyewe.

Mlango niliunyoosha kwa nyundo, nje ya geti lake, kutwa nzima, ili asikie kila pigo.