Fundi Aliyepanga Foleni ya Mtandao

Macho haya mabovu, nanyi mwataka niandike habari za fundi wa mtandao wa hospitali! Haya. Kabla ya kugusa kile kisanduku chake cha taa kinachogawa mtandao, hufuta vidole kwenye shati na kukinong'oneza kama anabembeleza mtoto. Siku binti yangu Kemirembe anapasuliwa, sauti ya daktari aliyekuwa akiwaelekeza wapasuaji kwa mtandao kutoka Bukoba ilikatikakatika.

"Watu wanatazama mpira kwa mtandao wetu, bibi," fundi akaniambia. " Naipanga foleni, daktari apite kwanza."

"Kwani kisanduku kinajua mgonjwa?"

"Ndiyo nakifundisha."

Akabonyeza. Taa zote zikazimika. Vidole vyake vikaganda hewani. Zikarudi mojamoja.

"Nawasikia, shoneni," daktari wa Bukoba akasema.

Fundi hakucheka, alifuta vidole tena. Wewe unayesoma, ukiingia hospitali, zima mpira wako.