Kazi ni Kuisimamisha

Jirani yangu huongea na mota kama mtu anayegombeza mbuzi mtukutu. Akiwaza, huibana bisibisi ndogo kwa meno. Anaunda vigari vya roboti, na magurudumu yake huzungushwa na servo, mota ndogo zinazozunguka bila kukoma mpaka ziamriwe kusimama. "Kuizungusha si kazi," husema. "Kazi ni kuisimamisha."

Juzi nilikuwa nyumbani kwake wakati shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipovua kandambili mlangoni akaingia kumwambia afungashe vitu vyake, chumba hiki cha kaka yake ameshakipatia mpangaji. Mezani kigari kilikuwa kimeamriwa kisimame, lakini gurudumu moja bado lilikuwa linajikokota.

Shemeji akacheka. "Hata kusimama hakijui! Acha michezo ya watoto, shemeji."

Jirani yangu akakivuta kigari karibu. Alitafuta kitundu ubavuni mwa mota, akaingiza bisibisi, akaizungusha skrubu ya ndani kidogo, akairudisha kidogo zaidi, pumzi kaibana, mpaka gurudumu likatulia tuli. Bisibisi ikarudi menoni. Akakiweka kigari sakafuni, akashika rimoti. Kikanyoosha hadi mlangoni, kikasukuma kandambili moja nje, kikarudi nyuma, kikasukuma ya pili, kikasimama palepale kizingitini. Hakikutikisika.

Akaitoa bisibisi menoni taratibu.

"Kimeshajua kusimama. Kandambili zako hizo hapo nje, shemeji. Karibu siku nyingine."