Daftari la Mama Anjela

Pale ofisini hakuna aliyemwita Fortunata. Kuanzia meneja hadi mlinzi, wote walimwita Mama Anjela, naye aliitika vizuri tu. Anjela mwenyewe, mtoto wa miaka mitano, alikuwa kijijini Mwimbi kwa bibi yake, na huyo bibi ndiye mtoto aliyemwita mama. Fortunata alipokwenda likizo, mtoto alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akakimbilia jikoni kuuliza mgeni ataondoka lini.

Hakumtupa mtoto, msimfikirie hivyo. Baba wa Anjela alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, akapata mke. Fortunata akabaki na chumba kimoja mtaa wa Mazwi, mjini Sumbawanga, na kazi ya ukarani ya asubuhi mpaka jioni. Mtoto angelelewa na kuta? Kwa hiyo mwaka ule wa 2003 alikuwa na ombi moja tu duniani: ahamishiwe kwenye ghala la chama cha wakulima kilichomwajiri, lile lililoko Mwimbi, ambako nafasi ya karani ilikuwa wazi.

Kilichomzuia ni kompyuta. Ushirika wa zamani ulipokufa na wanunuzi binafsi wa mahindi wakafurika Ufipa na malori yao, wakulima waliunda chama chao, na chama kikapata marafiki Ujerumani. Marafiki wakatuma kompyuta yenye Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuutengeneza. Jambo jema. Ila mafundi wa Sumbawanga walijua ule mfumo mwingine, wa kununua, na walipoiona hii walikuna vichwa, wakaomba chai. Fortunata, aliyejifunza kwa kubahatisha miezi minane, ndiye peke yake aliyeweza kutoa orodha ya wakulima humo.

"Nipatie mtu wa kuiendesha," meneja, Bwana Adriano, alimwambia, "siku hiyo hiyo nasaini uhamisho wako."

Akaanza kutafuta kitabu cha kumfundishia huyo mtu. Kilichokuja ndani ya boksi kilikuwa cha Kijerumani. Padre mmoja mzee alimsomea sura ya kwanza, nayo ilisema msomaji anatarajiwa kuwa anaujua mfumo tayari. Akaenda kwenye duka la intaneti, akangoja ukurasa mmoja ufunguke kwa muda unaotosha kuchemsha maharage, akatoka na karatasi kumi za Kiingereza. Ya tatu ilimwambia asome ya tisa. Ya tisa ikamrudisha kwenye ya tatu. Hata ndani ya mashine yenyewe mlikuwa na maelezo, marefu kweli, yameandikwa na watu wenye akili nyingi kwa ajili ya wenzao. Fortunata alilia kwa hasira. Kila mlango aliosukuma ulimtaka awe amekwisha kuingia.

Basi akanunua daftari, akaandika mwenyewe, kwa Kiswahili. Kila ukurasa alimpa Kalisti, mtunza ghala, mtu ambaye mashine aliyoijua ni mizani. Kalisti alikwama kwanza kwenye neno la siri. Alibonyeza, kioo kisionyeshe herufi hata moja, akadhani vitufe vimekufa, akaanza kuvipiga ngumi. Fortunata akaongeza mstari: "Herufi hazitaonekana. Mashine inasikia. Endelea." Siku ya pili Kalisti alimaliza kazi akazima ukutani kama anavyozima redio yake, na kesho yake mashine ikaamka ikiwauliza maswali, moja baada ya jingine, mpaka saa sita mchana. Hapo ndipo Fortunata alipoandika ukurasa ninaousifu mimi kuliko yote: "Hutoki nyumbani kwa mkweo bila kuaga. Na hii usiiache bila kuaga." Chini yake akapanga hatua za kuaga. Kalisti hakukosea tena.

Kurasa arobaini, miezi mitatu. Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, Kalisti aliketi mbele ya meneja na daftari pajani. Akawasha, akaingia, akatoa orodha ya wakulima wote wa Mpui, akaaga, akazima. Fortunata alikuwa amesimama nyuma yake, moyoni amekwisha kufunga mizigo.

Bwana Adriano alilipekua daftari taratibu. "Hili umeandika wewe?"

"Mimi, bwana meneja."

"Na Kalisti alikuwa hajui kitu?"

"Hata kimoja," Kalisti alijibu kwa fahari.

"Basi Mungu ametuona. Mwimbi nako tunapeleka kompyuta mwezi ujao. Kalisti ameiva, ataenda yeye. Wewe, Mama Anjela, utatufundishia matawi yote ukiwa hapa. Mtu mwenye kipaji hiki nimpeleke akapime magunia?"

"Uliniahidi, bwana meneja."

"Nilikuahidi kabla sijajua unaweza nini."

Alisema kwa upole, akidhani anamsifia. Watu husema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hayo huambiwa mwenye hila, na Fortunata hila alikuwa nayo wapi? Mimi namkasirikia meneja yule mpaka leo. Fortunata alisema "Sawa" tu.

Siku lori lilipokuja kupakia kompyuta ya Mwimbi, Kalisti alimwendea macho yakiwa chini. "Mama Anjela, nisamehe. Sikuliomba hili."

"Najua, kaka."

"Nitapita pale kwa bibi. Nimwambie nini mtoto?"

Fortunata aliinama, akaanza kukaza kamba ya mzigo uliokuwa umekazwa tayari.

"Basi niandikie," Kalisti akasema. "Ukiandika wewe, hata mimi naelewa."

Fortunata alichana karatasi, akaandika mstari mmoja: "Anjela, aliyekuzaa ni mimi, Fortunata." Akaikunja, akampa. Lori lilikuwa limekwisha kupinda kona ndipo alipokumbuka kwamba Anjela hajui kusoma. Angesomewa na yule anayemwita mama.