Filamu Isiyo na Harusi

Shangazi yangu Otilie Krebs hasemi kwaheri kwa mtu aliyekuja kutazama picha. Filamu ikiisha husimama mlangoni, mikono kiunoni, na hupiti mpaka useme umeionaje. Sinema ni yake. Zamani lilikuwa duka la matandiko ya farasi la mumewe, na hadi leo mvua ikinyesha ukumbi mzima unanuka ngozi. Magari yalipoingia mjini Tilden farasi wakapungua, kisha homa ile kubwa ikamchukua mume, na shangazi akauza matandiko akanunua mashine ya kuonyeshea.

Baba husema, "Dada yangu angeonyesha ukuta mtupu, mradi watu watoke wanabishana."

Wiki ile walibishana mpaka karibu wamfungie.

Filamu iliitwa Waridi la Mtaa wa Saba. Jambazi wa Chicago, Nick Corso, anayeuza pombe ya magendo, anampenda Lila, msichana mtengeneza kofia. Tulikuwa tumeingoja mwezi mzima, na Alhamisi ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Mwanzo ulikwenda vizuri. Nick na Lila wako kwenye benchi la bustani, Nick anamshika mkono, anainama kidogo, nikaacha kupumua, na paa! Lila anabembeleza mtoto. Hakuna benchi, hakuna Nick, kuna susu na mtoto ndani yake.

Hapo hapo Bwana Wendell, anayetupigia piano maana picha hazina sauti, akaupiga wimbo wa kuingiza maharusi kanisani, kwa nguvu zake zote. Bwana Wendell haoni mbali. Hatazami picha, hufuata karatasi ya muziki inayokuja pamoja na mikanda, na karatasi ilisema hapo pana harusi.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, isipokuwa safu ya pili, walipokaa akina mama wa kanisa. Kabla kicheko hakijaisha Nick akafungua mlango wa nyumba, amevaa kofia yake, mzima wa afya. Mara yumo kwenye jeneza.

"Haya, Harlan, umeionaje?" shangazi alimwuliza mkulima wa tumbaku aliyetangulia kutoka.

"Nick kafa na nini, Otilie? Mafua?"

"Kapigwa risasi."

"Na nani? Mimi nilikuwa macho. Mke wangu ndiye aliyelala."

"Umeikata ili uwahi kufunga," mwingine akadakia nyuma yake. "Sema kweli tu, mama, tutakusamehe."

"Sijagusa hata kipande! Wamekata wakaguzi wa jimbo. Wao hawataki bastola."

"Mwanzoni imeandikwa imekaguliwa na kupitishwa. Sasa kama imepitishwa, kilichokatwa ni nini?"

Shangazi alifungua mdomo kujibu, lakini Bi Cordelia Pfost, mke wa mchungaji, alikuwa amekwisha kumfikia.

"Otilie. Yule mtoto ametoka wapi?"

"Walioana, Cordelia."

"Lini? Nilipoinama kufunga kiatu?"

"Harusi imekatwa."

"Yaani serikali ikate harusi, iache mtoto wa nje ya ndoa? Serikali ina wazimu?"

"Ndiyo!" shangazi akapaza sauti. "Ndiyo, Cordelia, ina wazimu! Nenda kasome karatasi ya Wendell, harusi imo."

"Karatasi haiozeshi mtu. Na piano yako ikamcheka yule binti mbele ya watoto wetu." Akanitazama mimi. Nina miaka kumi na mitano.

Kesho yake tulijua. Bi Cordelia alikuwa amekwenda kwa halmashauri ya mji, na Jumatatu wangekaa kuamua kama shangazi aendelee kuwa na kibali cha kufungua ukumbi. Bila kibali hana kitu kingine. Hajui kazi nyingine, wala hataki kuijua.

Shuleni nako hatukusoma. Kila mtu alikuwa na lake la kujaza pale palipokatwa. Opal aliapa kwamba Nick na Lila walibusiana mpaka polisi wakaja. Virgil alisema Nick aliliwa na mbwa, ndiyo maana jeneza lilifungwa. Nilishangaa sana jambo hili. Sote tuliona filamu moja, usiku mmoja, na kila mtu alitoka na yake. Nilipomsimulia shangazi hakucheka.

"Wewe na Opal mna nafuu," alisema, huku akikanda unga kana kwamba umemkosea. "Cordelia ameona mambo ambayo Chicago yenyewe haijayaona. Nitajiteteaje kwa picha ambayo haipo? Nikionyesha naambiwa mchafu, nikieleza naambiwa mwongo!"

Ndipo baba akasema, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye kahawa yake, "Ng'ambo hawana wakaguzi."

Ng'ambo ni Kentucky. Unavuka Mto Ohio kwa pantoni, unafika Branscomb, na huko picha ile ile ilikuwa inaonyeshwa wiki ile ile, na hakuna aliyeigusa kwa mkasi. Shangazi alifuta mikono, akavaa kofia, akaenda nyumbani kwa mchungaji na unga bado kwenye viwiko. Nilimfuata mbiombio.

"Niende sinema? Tena Kentucky?" Bi Cordelia alishika fremu ya mlango.

"Kesho mchana. Kama harusi haimo, nafunga mwenyewe. Usijisumbue kungoja halmashauri."

Bi Cordelia alifikiri kidogo. "Tukae nyuma," akasema.

Mama alinituma niende nao, nimshike shangazi ulimi. Hapakuwa na haja. Wale wawili hawakusemezana neno mto mzima.

Na ilikuwepo! Baada ya benchi, Nick anamtoa kasisi kitandani kwa bastola, anamleta na nguo zake za kulalia hadi jikoni kwa Lila. Kasisi anaitazama bastola, na maandishi yanatokea: "Iweke chini, mwanangu. Ningekufungisha ndoa hata bila hiyo." Nick anaona haya, anaiweka mezani kando ya mkate. Pete hakuna. Lila anachomoa waya kwenye kofia anayoitengeneza, Nick anaukunja, anamvisha. Basi. Hicho ndicho walichotuficha. Kwenye filamu nzima hapakuwa na mahali safi kuliko pale, na wakaguzi walipaondoa kwa sababu ya bastola iliyolala kando ya mkate! Nilitaka kusimama nipige kelele. Bi Cordelia alikuwa ameuma kitambaa chake, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola.

Nick, kumbe, aliuawa kwa risasi mlangoni kwake, ameshika chupa ya maziwa ya mtoto.

Kwenye pantoni Bi Cordelia alipiga kamasi, akasema, "Ndoa ni halali. Ingawa mavazi ya kasisi hayakuwa ya heshima."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia yote."

Aliwaambia. Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa akasimulia kasisi, waya, mkate, maziwa, na mumewe hajawahi kuhubiri akasikilizwa vile. Wanaume walivua kofia. Jumatatu halmashauri ilimwachia shangazi kibali chake bila hata mmoja kupinga, na mwenyekiti akamwomba radhi mbele ya watu.

Jioni shangazi alifungua ukumbi, amevaa gauni lake la bluu. Bwana Wendell alikaa kwenye piano. Tukangoja. Aliingia mzee mmoja kiziwi na mbwa wake.

Tulitoka kuangalia. Barabara nzima ilikuwa inateremka kuelekea mtoni. Harlan na mkewe, mwalimu wangu wa hesabu, Virgil na kaka zake, wajumbe watatu wa halmashauri. Pantoni ilikuwa imejaa hadi mwenye nayo anawarudisha watu wangoje safari ya pili. Na katikati yao Bi Cordelia, akiwaongoza akina mama sita wa kanisa.

"Cordelia!" shangazi aliita. "Wewe si umekwisha kuiona?"

"Nawapeleka hawa," Bi Cordelia alijibu bila kusimama. "Wakienda peke yao hawatajua pa kulia."

Shangazi alibaki pale ukingoni mwa barabara. Uso ulimwiva mwekundu. Nilidhani atapiga kelele, hata nilimshika mkono kabisa.

"Tuanze?" Bwana Wendell aliuliza kutoka ndani.

"Anza, Wendell," alisema. "Mzee amelipa."