Tope Usoni

Katika maegesho ya kiwanda chetu hapa Louisville, mfanyakazi mwenzangu anajipaka usoni rangi ya matope kabla ya kwenda kuwinda bata. Harufu yake inanirudisha bwawani kwetu, utotoni.

Mama alikuwa amejifungua na hakuwa na nguvu. Alihitaji mchuzi wa nyama. Msimu ulikuwa unaisha, na bata waliosalia walishazijua hila zote. Kwa hiyo baba aliweka majini vibuyu vitatu tu, vilivyopakwa masizi vifanane na bata, nasi tukajificha matetini. Kundi lilianza kushuka, kisha likageuka ghafla.

"Binti yangu, ulijipaka mafuta?"

Nilikuwa nimejipaka mawese ili niwe nadhifu mbele yake. Nikalia.

"Bon, basi, uso yako inawaka kama taa!"

Wapo wazazi ambao wangenichapa, na majirani wangewasifu. Baba alicheka, akachota tope, akajipaka yeye kwanza, kisha akanipaka mimi.

"Sasa tunafanana."

Bata walirudi, na mshale mmoja ukatosha.

Jioni, akinywa mchuzi, mama aliuliza ni nani aliyewinda.

"Sisi wawili," baba alijibu.