Watani Wawili na Kompyuta Iliyokataa Kulala

Kompyuta zetu zilifika Dodoma zikiwa zimeshatumika na watu wengine hadi wakazichoka. Ilikuwa miaka ya soko huria, mitumba ya kila aina ikiingia nchini, na katika chumba chetu cha kompyuta cha mtaa wa Makole tulivaa mitumba, tukakalia mitumba na kuchapa kwenye mitumba. Mfumo tulioweka humo ulikuwa wa bure, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha apendavyo. Ruhusa hiyo ndiyo iliyotuponza.

Shida ilikuwa umeme. Mwalimu mmoja, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, alikuwa akimalizia kwenye kompyuta yetu mojawapo tasnifu yake kuhusu mvua na zabibu za Hombolo. Hesabu zake zilitaka kompyuta ifanye kazi kutwa nzima bila kusimama, na umeme wa mtaa wetu haukuwa na tabia hiyo. Ukikatika, betri ya dharura ililia dakika chache, kisha hesabu zikaanza upya kesho yake. Chuo chake kilikuwa kimeshamwongezea muda, kikamwambia hakitaongeza tena.

Dawa ilijulikana: kuilaza kompyuta. Betri inapoanza kulia, kila kilichomo kwenye kumbukumbu kinanakiliwa kwenye diski, mashine inazimika, na umeme ukirudi inaamka na kuendelea pale ilipoachia. Bahati mbaya, waliokuwa wakitengeneza kiini cha mfumo huko ng'ambo walikuwa na njia zaidi ya moja ya kulaza, na kila njia ilikuwa na wafuasi wake. Sisi tulikuwa nao wawili, waandishi wetu wa programu. Mkubwa, Mnyamwezi, alishika njia moja; mdogo, Mgogo, alishika nyingine. Mimi nilifanywa mratibu kwa kuwa nilikuwa na shahada ya utawala na sikujua kuandika hata mstari mmoja wa programu, sifa zinazotosha kabisa kuongoza kikao.

Vikao vilijaa heshima.

"Shikamoo kaka. Kazi yako nzuri sana, kaka."

"Marahaba. Na yako pia, mdogo wangu."

Tukaazimia kwa kauli moja njia zote mbili ziwekwe. Umeme ukakatika, njia ya mkubwa ikailaza kompyuta vizuri kabisa. Uliporudi, ya mdogo ndiyo iliyotangulia kuamka, ikakuta kwenye diski vitu isivyovitambua, ikavifuta kwa usafi wa moyo. Hesabu za mwalimu zikaenda navyo.

"Nani kakosea?" akauliza mwalimu.

Mkubwa akatazama dari. Mdogo akasema labda ni vumbi.

"Vumbi! Mgogo na Mnyamwezi, watani tangu enzi za misafara, mnaheshimiana kama wakwe? Hebu tanianeni hapa hapa, nijue ubovu uko wapi."

Mdogo akakohoa. "Haya. Huyu Mnyamwezi kazoea kubeba mizigo. Kompyuta ikitaka kulala, anabeba kumbukumbu yote, mpaka takataka, anaitwisha diski. Betri inakata roho, yeye bado anafunga mzigo!"

"Afadhali mimi mzigo unafika," mkubwa akadakia. "Wewe Mgogo ukiona zizi dogo, unafukuza nusu ya ng'ombe porini ndipo ufunge mlango. Kesho yake unashinda ukiwatafuta mmoja mmoja!"

"Lakini nawahi kufunga! Ila kusimamisha programu zote kabla ya kunakili, hapo umenizidi, mpagazi wee."

Wakatukanana hadi adhuhuri, nami nikaandika mengi kuliko katika kikao chochote, maana kila tusi lilikuwa na kasoro ya kweli ndani yake: njia ya mkubwa ilinakili hadi visivyohitajika ikachelewa, ya mdogo ilitupa nusu ya kumbukumbu ili iwahi, kisha ikaamka kwa kujikongoja. Kusimamisha programu kukabaki kwa mkubwa. Kunakili, kwa kuwa betri haingoji, kukawa kwa mdogo. Na wa kuamsha akawa mmoja tu, huyo huyo aliyenakili. Mkubwa alifuta sehemu yake ya kunakili kwa mkono wake mwenyewe, akadai alipwe kuku, faini ya watani.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika hesabu zikiwa mbali. Betri ikalia, kioo kikawa cheusi. Uliporudi alasiri, mwalimu alivuta kiti akakaa, mikono mapajani. Kioo kikawaka taratibu, kikasita, kisha tarakimu zikaanza kuteremka kuanzia pale pale zilipokuwa.

"Umeona kazi yangu?" akasema mkubwa.

"Kazi ipi? Aliyefunga zizi nani?"

"Tokeni nje mkatukanane huko," akasema mwalimu bila kugeuka. "Na mratibu naye awafuate."